Mizunguko Kumi na Minne

Serikali ya jimbo ilituma barua
na kidude cha kuhesabu hatua.
Ardis Tveit alikitupa kwenye droo ya vijiko.
"Mimi si ng'ombe wa kuvishwa kengele."

Kisha ngazi za kanisa zikamshinda,
Jumapili, mbele za watu,
sahani ya keki mkononi.

Sasa, saa kumi na mbili asubuhi,
bawabu Duane hufungua shule
na kuwasha taa za korido, moja moja.
Nje, baridi ya Dakota inauma hata chuma.
Ndani wanazunguka, mguu mosi mguu pili:
Ardis, Orval fundi matrekta,
na yule mjane wa benki asiyesalimia mtu.
Wanapita makabati ya wanafunzi,
wanapita picha za wahitimu
(Ardis yumo, nywele kama mzinga wa nyuki),
maktaba, jiko, wanarudi.
Mizunguko kumi na minne ni maili moja.
Orval hudai ni kumi na mitatu.
Hubishana mpaka wametimiza kumi na mitano.

Daktari kasema sukari imeshuka. Sawa.
Hakuuliza habari za Jumanne ile
Orval alipokosa kutokea,
mjane akawa wa kwanza kuchukua koti,
Duane akaacha ufagio sakafuni,
wakapasua theluji kwa magoti hadi mlangoni kwake,
wakagonga, wakagonga.

Alikuwa amelala tu.
Akawatukana wote watatu,
akatafuta viatu.

Kidude mfukoni mwa Ardis siku hiyo
kiliandika hatua elfu sita na kitu.
Hayo mengine hakikuyaona.