Hatua ya Sita

Baba mkwe wangu, pale Chikongola, huwaambia wageni
kwamba mimi ni mwandishi.
Wakiuliza nimeandika kitabu gani
hujibu, sauti ikipungua kidogo,
"Cha boila."

Ni kweli. Kurasa kumi na mbili, pini mbili,
jalada la plastiki ili mafuta ya ganda yasilile.
Jina langu halimo.
Limo jina la mashine, kubwa, na namba ya simu ya fundi
ambaye siku hizi amehamia Nachingwea.

Hulipwa kwa ukurasa,
na kazi yenyewe ni kupunguza kurasa:
kadiri ninavyobobea ndivyo mfuko unavyonywea.

Toleo la kwanza niliandikia mjini, Ligula, mezani,
feni ikizunguka, kamusi mkono wa kushoto.
Niliandika "vali ya usalama". Niliandika "kaza ipasavyo".
Niliandika, Mungu anisamehe,
"kifaa kinapaswa kuhakikishwa kuwa kimepozwa",
kana kwamba kifaa kitajihakikisha chenyewe,
kana kwamba pale hapana mtu, kanga kiunoni,
na gunia la korosho ghafi linamsubiri.

Kisha nikaandika:
*6. Fungua mfuniko.*
Na chini yake, ndani ya kisanduku chekundu:
*ONYO. Usifungue mfuniko kabla mvuke haujaisha.*

Somoe Nalinga wa Newala alisoma kwa kidole,
mstari kwa mstari, kama anayefukia mbegu.
Akafika sita. Akafungua.
Mvuke ukafika kabla ya onyo.

Walisema hakuwa makini.
Msimamizi alisema, "Hawa hawasomi."
Nami niliyepanda hadi Newala na daftari jipya,
asubuhi ya ukungu ule wa mwezi wa saba utokao Ruvuma,
niliutazama mkono, ngozi iking'aa rangi isiyo yake,
nikajua: alisoma.
Alisoma vizuri kuliko nilivyoandika.
Alinitii.

Hakunitukana. Aliniuliza tu,
"Ni wewe uliyeandika?
Mbona uliniambia nikiwa nimeshafungua?"

Nilikaa siku nne. Nilishika mfuniko, nilibeba gunia,
niliuliza jina la kila kitu.
Vali wao huiita koki. Nikaandika koki.
"Ipasavyo" hakuna aliyeujua urefu wake.
Ching'ole wa zamu ya usiku ndiye aliyenipa kipimo:
"Kaza mpaka ikatae. Ikishakataa, irudishe robo."
Nikaandika hivyo hivyo. Mhariri akafuta.
Nikarudisha. Akafuta.
Nikampigia simu, nikamkaza mpaka akakataa,
kisha nikarudi robo: nikamwachia mkato mmoja.

Hatua ya sita sasa ni hii:
*Fungua koki. Mvuke utalia.
Ukinyamaza, hesabu hadi hamsini.
Ndipo ufungue mfuniko.*

Hamna tamathali humo, hamna vina.
Lakini nimeyachambua maneno yale
kama akina mama wa meza ya tatu
wanavyotenga korosho nzima na vipande,
na vipande ni vingi, jamani, hata kwa mwenye mkono mwepesi.

Msimu uliopita nilipita tena.
Nakala inaning'inia kwa kamba ya katani ubavuni mwa boila.
Ukurasa wa tano umeraruka.
Ule wenye hatua ya sita umekolea mafuta
hadi nuru inapenya,
na alama za vidole, vingi, vya watu nisiowajua.

Somoe hakuwa akiusoma.
Alisimama kando ya koki iliyokwisha kunyamaza,
mkono wenye kovu juu ya nyonga, midomo ikienda:
thelathini na moja, thelathini na mbili.

Nilibaki mlangoni. Sikubisha hodi,
nisije nikampotezea hesabu.