Siku ya Sita

Mtungi ni wa chuma, mviringo kama tikiti,
nao hunifikia mtupu kweli kweli:
maabara wamenyonya hata hewa ya kawaida.
Hakuna kitu kitupu kama huo
katika wilaya nzima ya Bellefosse,
si kanisa siku ya Jumatatu,
si mfuko wangu tarehe ishirini na tisa.

Naupandisha juu ya paa la zimamoto,
natega saa. Usiku wa manane vali hujifungua,
mtungi ukavuta pumzi moja
ya saa ishirini na nne.
Kisha tunalala siku tano.
Ndivyo ratiba ya serikali ilivyo,
na nakala yake imebandikwa hata getini
pa kiwanda cha mpira,
kwa kuwa ni waraka wa umma,
na wao pia ni umma.

Verdell Narcisse anaishi uzio unapoishia.
Aliniuliza huku akianua shuka:
“Na siku tano zile, mwanangu, sisi tunavuta nini?”
Nikamwambia kuhusu bajeti.
Akaniingiza jikoni.

Ukutani, kalenda ya bure ya nyumba ya mazishi,
imeandikwa kwa penseli ya wanja:
*Rangi ya kucha, tangu alfajiri.*
*Lozi chungu. Terrell karudi katikati ya mechi.*
*Macho.*
*Hakuna kitu, ashukuriwe Mungu.*
Siku zangu amezizungushia duara jekundu.
Zote ni safi, kama chumba cha wageni.

Ofisini tunajumlisha, tunagawanya.
Wastani ni mtu mpole sana:
humchukua aliyekabwa Alhamisi
akamchanganya na aliyelala vyema Jumapili,
wote wawili wakaandikwa wazima.
Chini ya kikomo, unywele mmoja chini,
mwaka wa nne mfululizo.
Asiyekuwapo na lake halipo,
na Alhamisi haijawahi kuitwa kutoa ushahidi.

Mwezi wa Novemba nilichukua mtungi wa akiba.
Siku ya tatu, saa nane usiku,
mwenge wa kiwanda umelala chali kwa upepo
na koo langu linawasha kama nimemeza sufu.
Sikutega saa. Nilifungua kwa mkono,
pale pale chini ya kamba ya nguo ya Verdell,
na mtungi ukasema *sss*,
kama mama anayenyamazisha mtoto,
au nyoka; sikujua kipi.

Maabara wakaleta tarakimu.
Nikaisoma nikidhani nukta imekosewa mahali.
Nikawapigia. Haikukosewa.

Msimamizi wangu, Bi. Odile Robichaux,
amebakiza miezi saba astaafu.
Aliivaa miwani, akaivua, akaivaa.
“Nje ya ratiba,” akasema. “Batili.”
Akapiga muhuri, neno likakaa wino mbichi
juu ya tarakimu bila kuifunika.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango
aliposema, bila kuinua kichwa:
“Mitungi ya akiba iko mingapi?”

“Mitatu. Mmoja vali yake inavuja.”

Akachukua penseli, si kalamu,
na pembezoni mwa karatasi nyingine kabisa
akaandika: miwili.