Kibanio cha Shaba

Baba aliitwa Kijazi, na kazi yake ilikuwa kujaza.
Watu wa Mabawa walicheka: jina limempata mwenyewe.
Januari ile kaskazi ilikausha Tanga nzima.
Usiku, akirudi kutoka bohari ya mafuta,
alivua fulana ya nailoni gizani,
na kifuani zikaruka nyota, ta, ta, tatata,
buluu, ndogo kama mbegu za mchicha.
Tulipiga makofi. Mwantumu akasema, "Tena!"
Akaivaa tena, akaivua tena.

Mwezi haukuisha. Singano, wa zamu ya usiku,
alikinga mabaki ya petroli kwa ndoo ya plastiki.
Ndoo ilikuwa na mpini wa waya. Hilo tu.
Sigara hakuwasha. Simu hakuwa nayo.
Aligusa mpini, na mpini ukajibu.

Baba alirudi asubuhi, nyusi hana,
akaifukia fulana kwenye shimo la taka
wala hakutueleza.

Sasa nasimama mahali pake, lango namba mbili,
kibanio mkononi, meno yake ya shaba yamechakaa.
Kwenye bango wameandika UMEME TULI.
Tuli! Kama maji ya mtungini,
kama mgeni aliyekunja miguu mkekani.
Mafuta yakipita bombani hujisugua,
hukusanya deni, senti kwa senti,
na deni likikosa njia ya kwenda ardhini
hulipwa kwa mkupuo.

Dereva wa leo katoka Moshi, ana haraka.
"Dada, gari unalifunga kama mbuzi. Litakimbia?"
Simjibu. Nakwangua rangi kwenye chesisi
mpaka kibanio king'ate chuma kitupu;
rangi haipitishi neno.
Nangoja taa ya kijani.
"Na jaketi lako, kaka. Kalivulie kule, nje ya lango."
"Nimetoka kwenye kiyoyozi, nina baridi."
"Kule."

Anakwenda, amenuna.
Kutoka chini ya mkungu nasikia: ta. Ta.
Anageuka kunitazama. Hacheki.

Nafungua koki kidogo kidogo,
petroli inaingia pole
kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa.

Mwantumu ni mama wa watoto watatu sasa,
na bado huniuliza
ile fulana ya nyota ilikwenda wapi.