Katikati ya Neno

Alhamisi, Sunderland. Mvua imelala ubavu
kwenye dirisha la jikoni, nami na penseli yangu
tunakata kanzu ya okestra iwe kizibao.

Watu sitini: wa fidla, wa matarumbeta,
na yule wa ngoma kubwa
anayesubiri kurasa arobaini apige mara moja,
wote niwaingize katika vidole kumi vya Bwana Ridley,
na viwili kati ya hivyo vina baridi yabisi.
"Usinipe oktava mkono wa kushoto," aliniomba.
Basi ngoma nimeiua. Nimeweka noti moja ya chini,
ikanyagiwe pedali, ielee yenyewe
kama ubani chumba cha pili.

Sauti ya mjane nimeikabidhi filimbi.
Filimbi haina meno, haiwezi kuuma neno.
Kwa hiyo Kitaliano chote nakifuta,
silabi kwa silabi,
na makombo ya kifutio nayapuliza mezani.

Mstari wa tisa mjane anashuka
shimoni ambako filimbi haina ngazi.
Nikampandisha oktava nzima: akawa si mjane tena,
akawa mtoto aliyenyimwa peremende.
Nikamrudisha. Noti tatu za chini nikampa Bwana Ridley,
ahuzunike yeye kwa niaba, kwa mapigo manane,
kisha amrudishie mwenyewe huzuni yake.

Saa kumi anafika Bi Hetherington na keki ya tangawizi.
Miaka thelathini na mmoja katika kwaya ya opera,
safu ya nyuma: mwanakijiji, mtawa, mwanakijiji tena.
Aria hii aliijua yote na hakuna aliyemuomba.
Halafu daktari akaingia kooni mwake
akatoka na uvimbe, na sauti juu yake kama nyongeza ya sokoni.
Sasa anaongea kama mtu anayekunja gazeti.

"Si hapo," anasema, kidole juu ya alama yangu ya pumzi.
"Hapo huvuta kila mtu. Mimi ningevuta huku,
katikati ya neno, wajue
kwamba mjane hakupanga kulia."

"Neno nimeshalifuta, Bi Hetherington."

"Najua. Lakini lilikuwa na katikati."

Nikamweleza kwamba kwa lugha yangu
pumzi na pumziko ni watoto wa tumbo moja.
Akacheka kwa mabega tu.
Nikasogeza alama.

Jumamosi, ukumbi wa kanisa, hita inayonuka vumbi.
Mjukuu wake, Imogen, miaka kumi na minne, waya menoni,
anapuliza, na anavuta pumzi pale pa watu wote.
Tena. Pale pale.
Mara ya tatu, sijui kwa kusahau au kwa kukumbuka,
anakatika katikati ya neno lisilokuwepo,
na kwenye kiti cha plastiki, safu ya nyuma kama kawaida,
kifua cha bibi yake kinapanda naye.

Bwana Ridley amekosa noti mbili. Hakuna aliyesema kitu.

Nikaweka penseli chini.
Kisha nikaiokota: ukurasa wa nne, mkono wa kushoto,
bado ni mzito.