Kumbukumbu za Kikao, Komini ya Kadutu

Kikao kilifunguliwa saa nne na nusu,
ingawa barua ilisema saa tatu.
Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Wasiohudhuria kwa taarifa: wawili.
Asiyehudhuria bila taarifa: umeme.

Ajenda ya kwanza, korongo la Cidorho.
Mhandisi Birhashwirwa akatandaza ramani,
akaishikiza pembe nne kwa chupa za maji:
mtaro upite hapa, mita sita,
miti ipandwe huku na huku.
Ramani safi. Haina tope.
Haina ngazi za magunia ya mchanga
tulizopanga kwenye salongo, Jumamosi baada ya Jumamosi,
wala haionyeshi anayepanda na bidoni mgongoni
alfajiri, akihesabu hatua kwa visigino.

Mheshimiwa Zihindula akauliza: na fidia?
Mweka hazina akafungua faili,
akalifunga.

Diwani mmoja, wa kule juu kwenye kuta ndefu,
akasema mlima umechoka kubeba watu.
Mama Nabintu, msemaji wa wauza sambaza,
hakusubiri kupewa neno:
"Umechoka na nani?
Nyinyi mnamwaga saruji, sisi tunapokea mto.
Maji ya mapaa yenu yanalala kwangu,
yanaamka na watoto wangu.
Pimeni na huko!"

Niliandika: *mjumbe alitoa maoni.*
Nikafuta.
Nikaandika yote, hata lile "huko" lililotoka na mate.

Halafu orodha. Nyumba thelathini na saba
za kupakwa alama nyekundu.
Nikasoma kwa sauti, ndiyo kazi yangu.
Kwenye ya kumi na tisa nikakohoa.
Ya kumi na tisa ina mlango wa bati la buluu,
kizingiti kilichoinuliwa mara tatu,
na mama yangu uani akichambua maharage.
Bugumesta akasema: karani, endelea.
Ishirini, nikasema. Ishirini na moja.

Kura: sita kwa tano.
Mtaro utachimbwa. Wapimaji waanzie juu
(kipengele cha Mama Nabintu, kimeingizwa
kwa mwandiko wangu, herufi kubwa).
Tarehe ya fidia: itatajwa.

Kikao kilifungwa saa nane.
Mvua ikafungua chake saa nane na robo,
bila ajenda,
na sote tukasimama barazani tukiitazama,
wa juu na wa chini, chini ya bati moja linalovuja.

Sahihi ya karani
huwekwa chini kabisa ya ukurasa.