Daftari la Pande Mbili

Nililinunua Kibaigwa, siku ya mnada,
kaunta buku la kwaya mbili.
Nikaandika kwenye jalada kwa peni ya bluu:
MICHANGO. SHULE SHIKIZI. KITONGOJI CHA MAHANJE.
Mistari niliipiga kwa ukingo wa kiberiti, kipande kwa kipande,
ndiyo maana imepinda.
Rula ya mwanangu ilichukuliwa na korongo
masika yale, kilometa tisa kutoka shuleni,
pamoja na viatu na begi.
Yeye korongo lilimrudisha.
Usiku ule sikulala. Asubuhi nikaenda mnadani.

Foibe Chidosa: mchanga, ndoo arobaini. Amelipa.
Yoramu Masinga: mbuzi jike, mmoja. Amelipa.
(Mbuzi alikuwa na mimba. Yoramu anataka waandikwe wawili.
Kikao kimeahirisha.)
Kikundi cha alizeti: saruji, mifuko sita.
Wajane wa kule bondeni: maji ya kufyatulia matofali,
kila alfajiri, kichwani.
Sikujua niandike shilingi ngapi.
Nikaandika: maji.
Ndahani Mbeleje: mabati mawili. Bado.

Halmashauri tulikwenda mara saba.
Mara ya kwanza tulivaa nguo za kanisani.
Mara ya saba tulikwenda na udongo kwenye kucha.
Afisa alikuwa muungwana, alitupa viti.
Akauliza: choo, matundu mangapi?
Akasema: pandisheni boma, tutaezeka.
Akasema: bajeti.
Neno hilo tulirudi nalo juu ya lori la mahindi,
upepo ukatupiga vumbi, nalo halikupeperuka.

Ni Foibe aliyemjibu, Foibe asiyejua herufi:
"Mwanangu, wewe una orodha ya vijiji.
Sisi tuna orodha ya watoto.
Ziweke zote mezani tuone ipi inafika sakafuni."
Akaikunjua karatasi yetu,
dole gumba mia mbili na kumi na moja, wino wa zambarau,
nayo kweli ikafika sakafuni,
ikaingia chini ya meza,
afisa akainua miguu.

Desemba, mvua ya kwanza ikaulaza ukuta wa magharibi.
Niliandika: Matofali mia tisa. Hakuna anayedaiwa.
Mbeleje alipita na ng'ombe wake, akatema mate pembeni.
"Shule inakula wachungaji," akasema,
na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana.
Kesho yake tulikuta matofali mazima yametengwa na yaliyovunjika,
yamepangwa safu safu hadi kwenye mchongoma,
na nyayo za katambuga kwenye tope,
ya kushoto imekatika kisigino.
Hilo sikuliandika. Daftari ni la ahadi,
na hakuna aliyekuwa ameahidi usiku ule.

Mabati ya serikali yalikuja Julai. Nusu.
Nusu iliyobaki tuliezeka kwa karanga.

Mwalimu Tekla akaja, wa kujitolea,
na chaki pakiti mbili na mkeka wake.
Rejesta hakuna.
Nikaligeuza daftari hili kichwa chini,
nikampa upande wa nyuma.
Tangu siku hiyo yeye anaandika akija huku,
mimi naandika nikienda kule,
kama watu wawili wanaochimba kisima kimoja.

Jana usiku, kwa tochi ya simu, nimehesabu:
kati ya wanaodaiwa na wanaoitwa
umebaki ukurasa mmoja.
Upande wangu: Ndahani Mbeleje, mabati mawili. Bado.
Upande wake: Mchiwa Mbeleje, miaka saba.
Jumatatu, yupo. Jumanne, yupo.
Jumatano, siku ya mnada wa ng'ombe, yupo.

Nilimfuata babu yake zizini na peni mkononi.
Nikamwambia, mzee, kamati imekaa, deni tunalifuta.
Akaendelea kukamua.
Maziwa yalipofika nusu ya kibuyu akasema:
"Liache.
Mtoto bado hajajua kulisoma."