Mkata Tiketi

Miaka kumi na tisa kwenye kibanda hiki,
bwawa la mji, nje kidogo ya Košice.
Watoto wa Kiroma wakija, sarafu zimelowa jasho viganjani,
nilijibu bila kuinua macho: Pamejaa.
Ndani walikuwa watu wanne
na majani makavu yakielea.

Kisha akaja Lucius, mweusi, mrefu, wa Alabama,
mwaka mmoja wa kujitolea,
filimbi shingoni, Kislovakia chake kikichechemea.
Akaomba tiketi kumi na mbili.
Nyuma yake Žaneta, Dezider na wenzao, taulo mabegani.
Pamejaa, nikasema.
Akachungulia. Akahesabu:
mmoja, wawili, watatu, wanne.

Hakufoka. Akaniambia tu
kwamba bwawa la kwa bibi yake lilifukiwa kwa saruji
ili watu wa rangi yake wasichovye hata ukucha.
Bibi alikufa akiyajua maji ya kufulia tu.

Saruji. Sijui kwa nini ni neno hilo lililonishika.
Nikakata. Mashine ikakwama kwenye ya saba,
nikaipiga kofi, ikaendelea.
Wale wanne wakatoka wakichuruzika,
wakaniita jina nisilolirudia.

Lucius amekwisha rudi kwao.
Siku hizi Žaneta husimama ukingoni, saa mkononi,
anawafokea wadogo: Teke! Pumua! Teke!
Mjukuu wangu yumo, midomo imegeuka buluu,
hataki kutoka.

Mimi bado nakata tiketi.
Na bado zipo asubuhi ulimi huniwahi:
Pa—
naumeza.